Visahani au gia za mshazari? Ulinganisho wa difu za LSD kwa magari ya kusukuma nyuma katika njia za Unguja na Pemba

Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma huonyesha udhaifu wake katika sehemu mbili za visiwa vyetu. Ya kwanza ni pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Michamvi hadi Jambiani, pale Hiace ya watalii inapoacha lami na kuingia kwenye kichanga kikavu ili kuwafikisha wageni mlangoni mwa hoteli. Ya pili ni vilima vya Pemba wakati wa masika, ambapo udongo wa kinamo hulowa na njia ya shamba ikageuka utelezi mtupu. Kote kuwili mtu aliyesimama kando huona jambo lile lile: gurudumu moja linazungukia tupu na kuchimba, na la pili limetulia kana kwamba halihusiki. Hata hivyo sababu hazifanani, na dawa inayofaa kwenye mawe ya matumbawe inaweza kukutumbukiza mtaroni kwenye vilima vya Pemba. Ndiyo maana mtu akiniuliza LSD ipi ni bora, yaani difu inayolizuia gurudumu moja kuzungukia tupu peke yake, mimi humuuliza kwanza gari lake linakwenda wapi, linabeba nini, na gurudumu linalozungukia tupu huwa limegusa ardhi au linaning'inia.

Difu ya kawaida, yaani gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, ina kazi mbili. Huliruhusu gurudumu la nje ya kona kwenda haraka kuliko la ndani, na hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa pande zote mbili. Kasoro imo katika hiyo kazi ya pili. Tuchukulie kwamba gurudumu la kushoto limekanyaga mchanga na haliwezi kubeba zaidi ya Nm 100 (niutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kabla ya kuteleza, na la kulia limekanyaga kifusi kigumu na lingeweza kubeba Nm 800. Kwa kuwa mgawanyo ni sawa kwa sawa, la kulia nalo litapata Nm 100 tu, na jumla itakuwa 200. Kama kutoka pale mlipokwama kunahitaji 300, basi gari halitoki hata injini ingekuwa ya lori, na kila unavyokanyaga mafuta ndivyo gurudumu la kushoto linavyozidi kujizika. LSD ya aina yoyote ni jitihada ya kuvunja usawa huo bila ya kuyazuia magurudumu mawili kutofautiana kasi kwenye kona. Aina hutofautiana kwa namna zinavyouvunja, na tofauti hiyo ndiyo unayoilipia.

Difu ya visahani

Hii ndiyo ambayo mafundi wengi huimaanisha wanapotaja LSD bila ya maelezo zaidi. Ndani yake, kando ya gia mbili zinazoshika ekseli, hupangwa visahani kwa zamu: kimoja kimeshikamana na ekseli, kinachofuata kimeshikamana na kikombe cha difu, mfano wa klachi ya pikipiki. Pini ya msalaba inayobeba gia ndogo hukaa katikati ya pete mbili zilizochongwa miteremko; dereva anapokanyaga mafuta pini hupanda miteremko ile, huzitanua pete, na pete huvibana visahani. Kwa hiyo kadiri nguvu ya injini inavyoongezeka, ndivyo magurudumu mawili yanavyofungamana zaidi. Juu ya hayo kuna springi zinazovibana visahani hata gari likiwa limesimama, na mbano huo ndio unaoitwa mkazo wa awali.

Umuhimu wa mkazo wa awali hauonekani kwenye lami, lakini huonekana siku gurudumu moja linapoinuka kabisa kutoka ardhini. Ikiwa mkazo ni Nm 80, gurudumu lililobaki chini hupata angalau hizo 80 tangu mwanzo, na hizo zenyewe huisukuma pini kupanda mteremko, visahani vikabanwa zaidi. Hapa difu ya visahani haina mpinzani miongoni mwa LSD zote zinazojiendesha zenyewe.

Miteremko ya pete huchongwa kwa namna tatu, na mnunuzi lazima ajue anachukua ipi. Ya njia moja hubana unapokanyaga mafuta tu. Ya njia mbili hubana sawasawa unapokanyaga na unapoachia. Ya njia moja na nusu hubana kwa nguvu unapokanyaga na kwa upole unapoachia. Wanaoteleza kwa mashindano hupenda ya njia mbili kwa sababu mkia hutabirika pande zote, lakini kwa gari la kubeba watu sioni sababu ya kuichukua: ukiachia mafuta kwenye kona yenye maji, magurudumu ya nyuma yaliyofungamana huendelea kulisukuma gari mbele moja kwa moja huku wewe umeshakata usukani. Njia moja, au moja na nusu, inatosha.

Gharama yake kubwa huja baada ya kuinunua. Visahani huisha. Vinahitaji oili ya daraja la GL-5 iliyoandikwa wazi kuwa ni ya LSD, yenye kiambato cha kulainisha msuguano, na oili hiyo hubadilishwa mapema zaidi kuliko ya difu ya kawaida kwa kuwa unga wa visahani hubaki ndani yake. Nina ushahidi wangu mwenyewe katika jambo hili. Niliwahi kulipeleka gari langu kwenye gereji moja kubadilisha oili zote, nikalichukua jioni, na kuanzia siku ile kila nilipokata kona ya polepole kuingia sokoni Darajani nyuma palitoa mtetemo na mlio wa kugugunia, abiria wakageuka kutazama. Ilikuwa imetiwa oili ya difu ya kawaida. Niliimwaga, nikatia inayostahiki, nikaliendesha kwa mizunguko ya duara kushoto na kulia kwenye uwanja mtupu ili oili ipenye baina ya visahani, na mlio ukapotea. Ningechelewa miezi miwili, visahani vingechomeka. Mwenye gari la visahani anunue oili yake mwenyewe na akae pale pale inapotiwa.

Difu ya gia za mshazari

Aina hii haina visahani wala springi kubwa. Gia ndogo zilizokatwa meno ya mshazari hukaa ndani ya mifuko iliyochongwa katika kikombe. Nguvu inapopita, meno yale husukumana kando na kuzibana gia kwenye kuta za mifuko. Msuguano huo hulikatalia gurudumu linalotaka kukimbia na kuupeleka mzigo kwa mwenzake. Iliyo mashuhuri zaidi katika jamii ya difu zinazotumia gia ni Torsen, ambayo asili yake ni uvumbuzi wa Mmarekani Vernon Gleasman ulioandikishwa hataza mwaka 1958, na Quaife ya Uingereza ni jina jingine kubwa. Baadhi ya Altezza za RS200 zenye gia za mkono, na baadhi ya Mark II na Chaser zenye injini ya turbo, zilitoka kiwandani na Torsen.

Nguvu yake hupimwa kwa uwiano. Tukirudi kwenye mfano wetu, difu yenye uwiano wa 2.5 kwa 1 italipa gurudumu lenye mshiko mara mbili na nusu ya kile kinachobebwa na lile linaloteleza: Nm 100 kushoto, 250 kulia, jumla 350. Zile 300 zilizohitajika zimepatikana na gari limetoka, bila ya mlio, bila ya mtetemo, na dereva pengine asijue kwamba kuna kilichotendeka. Kwenye kona za kawaida huwezi kuihisi. Haina visahani vya kuisha, na nyingi zinaridhika na oili ya kawaida ya GL-5. Kuiongezea dawa ya kulainisha msuguano ni kosa, kwa sababu msuguano ndio uhai wake.

Udhaifu wake umo ndani ya hesabu ile ile. Gurudumu likiinuka hewani hubeba sifuri, na mara mbili na nusu ya sifuri ni sifuri. Hiace iliyotumbukia gurudumu moja kwenye shimo la jiwe la matumbawe, huku la upande wa pili likining'inia, itakaa pale pale kana kwamba haina LSD. Kuna ujanja wa zamani unaosaidia, nao ni kuvuta hendibreki nusu huku ukikanyaga mafuta kwa utulivu. Chukua kwamba hendibreki inaweka ukinzani wa Nm 100 kwa kila gurudumu. Lililo hewani sasa lina 100 za kusukumana nazo, kwa hiyo lililo chini hulipwa 250. Ondoa 100 zinazoliwa na breki yake, zimebaki 150 za kulisukuma gari. Fanya hesabu hiyo kwa difu ya kawaida na utapata 100 zinazolipwa na 100 zinazoliwa, yaani hakuna kitu, na ndiyo sababu madereva wengi wamejaribu ujanja huu wakaukataa: waliujaribu kwenye gari lisilo na LSD. Tahadhari moja ni kwamba malori madogo mengi yana hendibreki inayobana propela shafti na si magurudumu; huko hendibreki haisaidii chochote, na dereva atumie breki ya mguu kwa wepesi.

Zilizobaki

Difu ya mafuta mazito hutumia visahani visivyogusana vilivyofungiwa ndani ya kikombe kilichojaa mafuta ya silikoni, na hukaza pale tu gurudumu moja linapokuwa limeshaanza kukimbia. Ni mpole, haina makelele, na Nissan Silvia nyingi zilikuja nayo. Lakini huchelewa, na silikoni huchoka kwa umri na joto, wala haitengenezeki kwa njia ya kawaida. Mazda yenyewe iliiacha kwenye MX-5 na kuchukua Torsen ilipoleta injini ya lita 1.8. Kwa gari la mtumba lenye miaka zaidi ya 20, mimi naihesabu kuwa imekwisha mpaka ithibitike vyenginevyo.

Loka, ambayo huyafunga magurudumu mawili yakawa kitu kimoja, ina nafasi yake kwenye gari la kazi za porini lenye swichi ya kufunga na kufungua. Kuchomea difu kwa weldingi ili kuokoa pesa ni jambo jengine, na nalikataa katika gari lolote linalopita barabara ya watu: kila kona hukwaruza tairi, huvuta ekseli, na kwenye lami yenye mvua mkia huondoka bila ya taarifa.

Magari mapya yana mfumo wa kompyuta unaolifunga breki gurudumu linalozunguka tupu, na hauli kitu upande wa pili. Katika utelezi mfupi unatosha kabisa. Katika mchanga mrefu breki hupata moto na kompyuta huacha kuzitumia, kisha unabaki na difu ya kawaida.

Tukiziweka kwenye njia zetu

Kwa Hiace ya watalii inayotoka mjini kwenda Nungwi, Paje au Kizimkazi, sehemu kubwa ya safari ni lami, na mchanga ni mita chache za mwisho. Katika mchanga magurudumu yote mawili kwa kawaida yamegusa ardhi, ila moja limedidimia zaidi. Hiyo ndiyo hali inayozifaa gia za mshazari. Abiria hawasikii kitu, dereva wa zamu hahitaji kufundishwa, na mwenye gari hana hofu ya fundi mgeni kutia oili isiyofaa. Ningeichagua hii bila ya kusita, na fedha iliyobaki ningeitia kwenye tairi na kipimo cha upepo, kwa sababu kupunguza upepo kabla ya kuingia mchangani, na kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, husaidia kuliko LSD ya bei yoyote.

Kirikuu au pikapu inayokwenda kuchukua mawe, kuni au mwani katika ardhi ya uwanda ni habari tofauti. Jiwe la matumbawe halina usawa. Gari tupu lenye springi za majani ngumu huinua gurudumu kila hatua tatu. Hapo mkazo wa awali ndio unaohitajika, na difu ya visahani ya njia moja na nusu ndiyo ningeitafuta, kwa sharti kwamba mwenye gari ndiye anayelishughulikia. Ikiwa gari hupewa kijana huyu leo na yule kesho, narudi kwenye gia za mshazari na ujanja wa breki.

Pemba ndiko ninakotaka kuchelewa kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakoshauriwa vibaya. Mwenye gari la kubebea karafuu hukwama kilimani, akaambiwa atie difu inayobana sana. Njia nyingi za mashamba kule zimechongwa ubavuni mwa kilima, na uso wake umeinamia upande mmoja ili maji ya mvua yashuke. Ukiwa na difu ya kawaida katika kinamo kilicholowa, gurudumu moja huzunguka tupu na la pili, kwa kuwa halizunguki ovyo, hushika ardhi kwa upande na kuuzuia mkia usiporomoke. Huendi mbele, lakini upo njiani. Ukiwa na visahani vilivyokazwa sana, magurudumu yote mawili huanza kuzunguka tupu kwa pamoja, na tairi inayozunguka tupu haina tena mshiko wa upande. Mkia huteremka kufuata mwinamo mpaka mtaroni, na mzigo wa juu huukamilisha msiba. Mzee mmoja wa Wete aliyeendesha magari ya karafuu maisha yake yote aliniambia, "Mwanangu, gari lililokwama utalichimbua, lililoporomoka utalifuata bondeni." Kwa hiyo katika vilima hivyo nachagua gia za mshazari zenye uwiano wa wastani, ambazo huongeza msukumo pasipo kuyafunga magurudumu kwa nguvu, na tairi za meno marefu. Anayelazimika kutumia visahani achukue vyenye mkazo wa awali mdogo.

Kijana mwenye Altezza au Mark II ya mjini, anayetaka gari litulie akitoka kwenye kona, hana haja ya kuumiza kichwa: gia za mshazari, na kama gari lake lilitoka nazo kiwandani, azitunze. Anayekwenda kuteleza kwenye uwanja uliofungwa achukue visahani na akubali kuvifungua na kuvibadilisha kila baada ya muda.

Liko jambo moja linaloweza kuharibu uchaguzi wowote kati ya huu, nalo ni tairi za nyuma zisizolingana. Tumezoea kununua tairi moja moja za mtumba, upande huu mpya, upande ule umekwisha. Tairi mbili zenye vimo tofauti huzunguka kwa kasi tofauti hata kwenye barabara iliyonyooka, na difu hutafsiri hali hiyo kuwa ni kona isiyokwisha. Visahani hulika kutoka mjini hadi Mkokotoni bila ya gari kukata kona yoyote ya maana. Gia za mshazari huvumilia zaidi, lakini nazo huchoka. Asiyeweza kununua tairi mbili za nyuma kwa pamoja, saizi moja na hali moja, abaki na difu ya kawaida kwanza.

Maji ya bahari nayo yana sehemu yake. Difu iliyopata moto ikiingizwa ghafla kwenye maji ya pwani hupoa, hewa ya ndani hujikunja, na maji ya chumvi huvutwa kupitia kipumulio kilicho juu ya ekseli au kupitia sili zilizochakaa. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Visahani vilivyolala na maji ya chumvi wiki moja hupata kutu na kung'ang'aniana.

Kujua unachokinunua

Muuzaji akikwambia gari lina LSD, lipige jeki magurudumu yote mawili ya nyuma, liweke juu ya stendi, weka kabari magurudumu ya mbele, na gia iwe huru. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka upande huo huo, huenda kuna visahani vinavyofanya kazi, au ni gia za mshazari zenye mkazo wa awali, au difu imefungwa kwa loka au weldingi. Likizunguka kinyume kwa wepesi, ni difu ya kawaida, au visahani vimekwisha, au ni gia za mshazari zisizo na mkazo wa awali, na hapo pima kwa namba ya ekseli iliyo kwenye kibati cha gari au kwa kutazama ndani baada ya kufungua kichwa cha difu. Likikubali kuzungushwa polepole lakini likakaza ukilizungusha haraka, ni la mafuta mazito. Wala usiliwashe gari la LSD na kulitia gia huku gurudumu moja tu limeinuliwa, kwa sababu lile lililo chini litaliondosha gari juu ya jeki.

Ufungaji ni kazi ya fundi mwenye geji. Kikombe kipya hakikai sawa na cha zamani, na nafasi ya kucheza baina ya kraunwili na pinioni (gia kubwa na gia ndogo zinazoingiza nguvu ya injini kwenye difu), ambayo kwa difu nyingi za Toyota ni milimita 0.13 hadi 0.18, lazima ipimwe upya na kurekebishwa. Fundi anayetikisa kwa mkono na kusema imekaa vizuri atakupa mlio wa kuvuma ndani ya mwezi mmoja. Kwa difu ya visahani omba kipimo kimoja zaidi kabla ya kuondoka gereji: gurudumu moja chini, moja juu, gia huru, na spana ya kupimia nguvu katikati ya gurudumu lililo juu mpaka lianze kuzunguka. Andika namba hiyo pamoja na kilomita za gari, na urudie kipimo kila unapobadilisha oili. Ikishuka hadi nusu ya ile ya siku ya kwanza, agiza visahani vipya kabla ya masika kuingia.